Mwalimu Septima Clark, Aliyewafundisha Watu Kuwa Raia



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za watakatifu, maaskofu na wamisionari. Leo naomba ruhusa yenu nisimulie maisha ya mwalimu wa kawaida wa shule. Hakuwa askofu wala mhubiri. Alikuwa mama mjane, Mmarekani Mweusi, muumini wa Kanisa la Methodisti, na alishika chaki kwa miaka arobaini. Jina lake ni Septima Poinsette Clark.

Wengi wetu tunamjua Dk. Martin Luther King, na tunamjua Bibi Rosa Parks, yule mama wa mji wa Montgomery aliyekataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi tarehe 1 Desemba 1955. Lakini miezi michache kabla ya siku hiyo Bibi Parks alihudhuria mafunzo ya haki za raia, na mmoja wa waliomfundisha huko alikuwa Mwalimu Septima. Wamarekani wengi humwita mama wa harakati zile. Naona ana jambo la kutufundisha sisi tulio na shule, vijiji na kura zetu wenyewe.

Septima alizaliwa tarehe 3 Mei 1898 katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Baba yake, Mzee Peter Poinsette, alizaliwa mtumwa. Alipokuwa mdogo, mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuwapeleka shuleni watoto wa bwana wake na kuwangoja nje mpaka masomo yaishe. Siku baada ya siku alikaa hatua chache kutoka mlango wa darasa, wala hakufundishwa hata herufi moja. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, lakini Mzee Peter alikuwa mtu mzima kabla ya kuweza kuandika jina lake. Hata hivyo hakuweka kinyongo, na watoto wake aliwalea kwa upole. Mama yake, Bibi Victoria, alikulia Haiti na huko alipata kusoma. Alifua nguo za watu nyumbani kwake, lakini alijivunia kwamba hajapata kuwa mtumishi katika nyumba ya mtu. Basi Septima alirithi upole wa baba na msimamo wa mama, na maishani mwake alivihitaji vyote viwili.

Wazazi walijinyima ili asome. Mwaka 1916 alimaliza katika shule ya Avery, shule ya Watu Weusi iliyoanzishwa na wamisionari, akawa na sifa za kufundisha. Lakini katika mji wake hakuruhusiwa. Shule za serikali za Charleston zilikuwa na wanafunzi Weusi, ila walimu wote walikuwa Wazungu. Mwalimu Mweusi alipaswa kwenda shamba. Akiwa na umri wa miaka 18, Septima alipelekwa Johns Island, kisiwa kisichokuwa na daraja wakati ule, kilichofikiwa kwa mashua tu. Wenyeji wake walikuwa wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba na mpunga, na walisema Kigullah, lugha yao iliyochanganya Kiingereza na maneno ya Afrika.

Shule ile ilikuwa na walimu wawili na wanafunzi 132. Septima, aliyekuwa mkuu wa shule, alilipwa dola 35 kwa mwezi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na shule ya Wazungu yenye wanafunzi watatu, na mwalimu wao alilipwa dola 85. Sisi tuliofundisha madarasa yenye watoto mia tunaweza kuona picha hiyo bila kuelezwa zaidi. Wakati wa mavuno madarasa yalikuwa matupu, kwa maana watoto walihitajiwa shambani. Jioni watu wazima walimjia mwalimu huyu kijana wakiomba awasaidie kusoma na kuandika. Hapakuwa na vitabu vya watu wazima. Akaanza kuwaandikia maneno juu ya karatasi za mifuko ya dobi, akitumia habari za maisha yao wenyewe. Mbegu ya kazi yake kubwa ilipandwa hapo, ingawa ilikaa ardhini miaka arobaini kabla ya kuchipua.

Mwaka 1919 alirudi Charleston kufundisha katika shule yake ya zamani ya Avery, akajiunga na Chama cha Taifa cha Kuwaendeleza Watu Weusi, kinachojulikana kwa kifupi NAACP. Wakati huo chama kilikuwa kinadai walimu Weusi waajiriwe katika shule za serikali mjini. Wakubwa walijibu kwamba dai hilo ni la Weusi wachache wenye elimu, na kwamba wapishi na wafua nguo hawataki watoto wao wafundishwe na mwalimu Mweusi. Mwalimu Septima hakubaki darasani kueleza jinsi sheria zinavyotungwa. Aliwachukua wanafunzi wake, akaenda nao nyumba kwa nyumba, wakiwauliza wapishi na wafua nguo wenyewe na kuwaomba watie sahihi. Zilikusanywa sahihi zipatazo 10,000, zikapelekwa mbele ya watunga sheria wa jimbo. Mwaka 1920 walimu Weusi wakaruhusiwa. Watoto wale walijifunza somo la uraia kwa miguu yao, nao walioishi kuyaona matunda yake hawakuhitaji kukaririshwa maana ya neno raia.

Mwaka huo huo aliolewa na baharia aitwaye Nerie Clark. Mtoto wao wa kwanza, wa kike, alikufa akiwa mchanga. Wa pili, wa kiume, aliishi, lakini mwaka 1925, mtoto akiwa hajatimiza mwaka, baba yake alifariki kwa ugonjwa wa figo. Septima akabaki mjane mwenye umri wa miaka 27. Mshahara wa mwalimu Mweusi haukutosha kumlea mwana, hata baadaye ilimbidi kumpeleka kwa babu na bibi yake upande wa baba. Ni jambo lililomwumiza, na hakuolewa tena.

Tangu mwaka 1929 hadi 1947 alifundisha Columbia, mji mkuu wa jimbo. Huko aliendelea kusoma wakati wa likizo na jioni, akapata shahada yake ya kwanza mwaka 1942, na ya pili mwaka 1946, akiwa na miaka 48. Huko pia alishiriki katika dai la walimu Weusi kulipwa sawa na Wazungu wenye sifa zile zile. Wakili wao alikuwa Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1967 alikuwa Mtu Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu kabisa ya Marekani. Mwaka 1945 walishinda. Mwaka 1947 jaji yule yule, Waties Waring wa Charleston, aliamua kwamba Watu Weusi wa South Carolina wana haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa ndani wa chama cha Democratic, ambao ndio uliokuwa ukiamua nani atawale jimbo lile.

Mlango ulifunguliwa, lakini kizingiti kilibaki. Katiba ya jimbo ya mwaka 1895 ilitaka anayejiandikisha kupiga kura aweze kusoma na kuandika kifungu cha katiba, au awe na mali ya thamani ya dola 300 inayolipiwa kodi. Karani aliyekaa mezani ndiye aliyeamua kama umesoma vema. Basi wale walionyimwa shule na serikali walinyimwa tena kura kwa sababu hawakwenda shule. Hiyo ndiyo hila iliyokuwapo, ndugu wasomaji, na yafaa tuielewe vizuri. Haikuhitaji bunduki, karatasi na karani vilitosha.

Mwaka 1947 Mwalimu Septima alirudi Charleston kumtunza mama yake. Ikaja mwaka 1954, Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Viongozi wa South Carolina wakakasirika. Mwaka 1956 walitunga sheria kwamba mtumishi yeyote wa serikali asiwe mwanachama wa NAACP. Walimu waliletewa fomu, kila mmoja aandike vyama alivyomo. Wengi waliacha kukitaja chama hicho. Yeye alikiandika. Akafukuzwa kazi akiwa na miaka 58, baada ya kufundisha miaka arobaini, na pensheni yake ikapotea yote.

Kwa sisi wastaafu, habari hii inaingia moyoni. Tunajua maana ya kuhesabu miaka, kutunza barua za ajira ndani ya bahasha, na kungoja. Yeye alipoteza kila kitu kwa neno moja katika fomu, neno ambalo angeweza kuliruka na hakuna ambaye angemlaumu.

Lakini kuna sehemu nyingine ya habari hii, na mimi naiona kubwa zaidi. Mwalimu Septima alitia sahihi barua 726, akazipeleka kwa walimu Weusi wa jimbo, akiwaomba waipinge sheria ile pamoja. Waliojibu walikuwa 26. Katika hao, 11 walikubali kwenda naye kumwona mkuu wa elimu. Siku ilipofika walikuwa watano tu, pamoja na yeye. Nikisoma hesabu hiyo namkumbuka Gideoni, aliyeona jeshi lake likipunguzwa mpaka wakabaki mia tatu. Gideoni alishinda na wachache wake. Wale watano hawakushinda.

Mtu mwingine angewalaumu wenzake kwa woga wao mpaka kufa. Yeye alijilaumu mwenyewe. Baadaye alieleza kwamba kule kushindwa kulikuwa miongoni mwa makosa makubwa ya maisha yake, kwa sababu alijaribu kuwasukuma watu katika jambo ambalo hawakutayarishwa kulitenda. Alikuwa amewaita wawe na ushujaa kabla ya kuwafundisha. Tangu siku ile aliweka nia kwamba kwanza atawaandaa watu waelewe, kisha wataamua wenyewe. Ushujaa wa raia haupatikani kwa amri, wala kwa hotuba kali. Hufundishwa pole pole, kama kusoma.

Nafasi ya kulitenda hilo aliipata katika chuo cha Highlander, milimani Tennessee. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1932 na Myles Horton, Mzungu aliyeamini kwamba watu wa kawaida wakikaa pamoja na kuzungumza matatizo yao watapata njia ya kuyatatua. Weusi na Wazungu walikula meza moja na kulala chini ya paa moja, jambo ambalo sheria za kusini zilikataza. Septima alikuwa amefika huko mara ya kwanza mwaka 1954. Alipofukuzwa kazi, Highlander walimwajiri asimamie mafunzo.

Sasa turudi kisiwani Johns Island, kwa maana ndiko historia ilikomrudisha. Palikuwa na mtu aitwaye Esau Jenkins, aliyepata kuwa mmoja wa wanafunzi wa Septima. Alikuwa na basi, na kila asubuhi alichukua wafanyakazi kutoka kisiwani hadi Charleston. Njiani aliwafundisha abiria vifungu vya katiba. Abiria mmoja, Bibi Alice Wine, alikikariri kifungu chake neno kwa neno, akajiandikisha kwa kukariri. Lakini moyo wake haukutulia, kwani alitaka kusoma kweli. Jenkins mwenyewe alikuwa amesimama katika uchaguzi wa mdhamini wa shule akashindwa, kwa kuwa Weusi waliojiandikisha walikuwa wachache. Akapeleka shida hiyo Highlander: wapatie watu wazima wa kisiwa shule ya usiku.

Waliomba nafasi katika shule na kanisa, lakini wenye dhamana waliogopa wakakataa. Naandika haya katika gazeti la kanisa kwa makusudi. Milango ambayo ingepasa kufunguka kwanza ilibaki imefungwa. Mwishowe Highlander wakawakopesha dola 1,500 bila riba, Jenkins na wenzake wakanunua jengo kuukuu. Sehemu ya mbele wakaifanya duka la ushirika, na chumba cha nyuma kikawa darasa, ili mpita njia aone duka tu.

Nani afundishe? Mwalimu Septima hakutaka mwalimu aliyesomea, ingawa yeye mwenyewe alisomea. Aliogopa kwamba mwalimu wa vyeti atawadharau wazee, na pia kwamba serikali itamfukuza kazi. Alimchagua ndugu yake Bernice Robinson, msusi wa nywele na mshonaji. Bibi Robinson alikataa kwanza, akisema hajapata kufundisha. Septima akamwambia hiyo ndiyo sababu anamtaka: anajua kusikiliza, na wateja wake ni Weusi, hivyo hakuna Mzungu awezaye kumnyima riziki.

Januari 1957, wakati wa baridi ambapo kazi za shamba ni chache, watu wazima 14 waliketi katika chumba kile. Bibi Robinson alikuwa ameleta vitabu vya watoto, lakini mara moja aliona havifai, akaviweka kando. Aliwaeleza kwamba yeye si mwalimu hasa, na kwamba watajifunza pamoja. Kisha akawauliza wanataka kujua nini. Mmoja alitaka kuandika jina lake. Mwingine alitaka kusoma Biblia. Mwingine alitaka kujaza fomu ya kununua vitu kwa posta, au kusoma barua ya mwanawe aliye mbali. Na wote walitaka kupiga kura. Basi hayo ndiyo yakawa mtaala.

Majina yaliandikwa kwenye kadibodi, na kila mtu akafuatisha herufi za jina lake kwa penseli, tena na tena, mpaka mkono ukazoea. Hesabu zilikuwa za vitu vya shamba na duka. Fomu ya kujiandikisha ilibandikwa ukutani kwa maandishi makubwa, wakaisoma neno kwa neno: nini maana ya katiba, nini maana ya makazi. Tamko la Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Binadamu nalo lilitundikwa, wapate kulisoma kabla kozi haijaisha. Katika darasa hilo alikuwapo bibi wa miaka 65. Siku moja aliombwa atafute jina lake kati ya majina yaliyoandikwa ubaoni, akasimama, akalionyesha kwa kidole. Bibi Robinson alisema kwamba mwili ulimsisimka. Kwa miaka yote bibi yule alikuwa ametia alama ya msalaba mahali pa jina.

Baada ya miezi michache wanafunzi walikwenda kujiandikisha, wakarudi na kadi zao. Visiwa jirani vya Wadmalaw na Edisto vikaomba shule kama hiyo, na mji nao pia. Waliomaliza walianza kuwafundisha wengine, na walipokwisha kupata kura waliendelea kukutana, wakiuliza juu ya barabara, shule, kodi na haki zao serikalini. Ziliitwa Shule za Uraia.

Wapinzani hawakulala. Usiku wa tarehe 31 Julai 1959 polisi waliivamia Highlander, wakamkamata Mwalimu Septima, mwenye miaka 61, kwa kosa la kuwa na pombe, yeye ambaye hakunywa hata tone. Vijana waliokuwamo waliwekwa gizani wakati polisi wanapekua, nao wakaimba nyimbo mpaka woga ukawatoka. Mwaka 1961 chuo kilifungwa kwa amri ya mahakama. Lakini kazi ilikuwa imekwisha kupata miguu. Chama cha viongozi Wakristo kilichoongozwa na Dk. King kiliichukua, na mafunzo yakahamia kituo cha Dorchester huko Georgia. Septima aliyaendesha pamoja na mchungaji kijana Andrew Young, aliyekuja kuwa balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, na Bibi Dorothy Cotton.

Huko walikuja wakulima, wasusi, madereva, mabibi wenye wajukuu. Walikaa juma moja, wakarudi makwao kufungua darasa jikoni, saluni, nyuma ya kanisa, hata chini ya mti. Mmojawapo alikuwa Fannie Lou Hamer wa Mississippi, mfanyakazi wa shamba la pamba, ambaye mwaka 1964 alisimama mbele ya mkutano wa chama cha Democratic na taifa zima likamsikiliza kwa televisheni. Kuanzia mwaka 1957 hadi 1970 zilifunguliwa karibu shule 900 za namna hii.

Mwalimu Septima aliwaheshimu wachungaji, lakini hakuwaogopa. Alikuwa mwanamke katika baraza la wanaume, na wako waliouliza amekaa pale kwa kazi gani. Aliwahi kumwandikia Dk. King barua akimshauri asiongoze maandamano yote yeye mwenyewe, bali awalee viongozi kila mahali. Barua iliposomwa barazani wanaume walicheka. Yeye aliendelea kumpenda na kumheshimu Dk. King, na mwaka 1964 alifuatana naye Oslo alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Lakini hakubadili mawazo. Aliona kwamba watu wakimtegemea kiongozi mmoja, siku akiondolewa watabaki kama kondoo wasio na mchungaji. Dk. King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968. Walimu wale wa jikoni na saluni walibaki wakifundisha.

Mwaka 1965 Marekani ilipitisha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, na mitihani ile ya kusoma ikaondolewa katika majimbo ya kusini. Maelfu kwa maelfu walikuwa tayari kwenda kujiandikisha, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyewaandaa.

Alistaafu mwaka 1970. Mwaka 1975 wananchi wa Charleston walimchagua mwanachama wa Bodi ya Shule, ile ile mamlaka ya elimu ambayo miaka 19 nyuma ilimfukuza. Alikuwa na miaka 77. Mwaka 1976 gavana wa jimbo alikiri kwamba alifukuzwa isivyo haki, na pensheni yake ikaanza kulipwa. Mwaka 1979 Rais Jimmy Carter alimtunuku heshima ya taifa. Alifariki tarehe 15 Desemba 1987, akiwa na miaka 89, kisiwani Johns Island, mahali pale pale alipoanzia kazi akiwa msichana wa miaka 18. Barabara kubwa ya mji wa Charleston imepewa jina lake.

Ndugu wasomaji, nimesimulia maisha haya kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya kumbukumbu. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi katika miaka ya kisomo cha watu wazima, baada ya Serikali ya Tanzania kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Jioni mama yangu na jirani zake waliingia katika darasa letu, wakakaa kwenye madawati yetu madogo, magoti yakigusa ubao wa juu. Siku mama alipoandika jina lake alirudi nyumbani na karatasi ile, akaiweka ndani ya Biblia. Tangu hapo alipokwenda kwenye mkutano wa kijiji aliketi mbele. Nilipokuja kusoma habari za yule bibi wa miaka 65 nilimwona mama yangu.

Ya pili ni ya toba. Kwa miaka mingi nilifundisha Elimu ya Siasa, na baadaye Uraia. Wanafunzi wangu walikariri ngazi za serikali kuanzia kitongoji hadi taifa, wakafaulu vizuri. Lakini sikumbuki kuwachukua hata mara moja wakasikilize mkutano mkuu wa kijiji uliokuwa ukifanyika chini ya mwembe, hatua mia mbili kutoka darasani. Sikuwaonyesha taarifa ya mapato na matumizi iliyobandikwa ofisini, tuisome pamoja. Nilipostaafu nikaanza kuwaona wanafunzi wale katika mikutano, watu wazima sasa, wamekaa nyuma wakinyamaza, na wengine hawaji kabisa. Zamani niliwalaumu kwa kutojali. Sasa, nikifuata mfano wa Mwalimu Septima, najiuliza ni nani aliyepaswa kuwaandaa.

Hatujachelewa. Katika parokia yetu wamo walimu wastaafu, makarani, wauguzi, na vijana wenye elimu wanaokaa bila kazi. Yumo pia mama asiyejua kusoma tangazo la kijiji, na kijana aliyetimiza miaka 18 ambaye hajui ajiandikishe wapi. Tunalo jengo, tunazo taa, na Jumatano jioni chumba cha shule ya Jumapili kiko tupu. Hatuhitaji kumwambia mtu ampigie nani kura. Hilo si kazi yetu, na Mwalimu Septima naye hakuwaamulia wanafunzi wake. Tunahitaji tu kuuliza, kama alivyouliza yule msusi wa nywele: ndugu, unataka kujua nini? Nimeomba wazee wa kanisa walizungumze jambo hili katika kikao chao kijacho, na mimi niko tayari kuanza na meza moja na watu wawili.

Nehemia alipoujenga ukuta wa Yerusalemu hakuajiri mafundi kutoka mbali. Kila mtu alijenga mbele ya nyumba yake. Wako waliokuwa mafundi wa dhahabu na wauza manukato, nao wakashika mawe. Mungu atujalie nasi tuione sehemu ya ukuta iliyo mbele ya nyumba zetu, na asiruhusu milango ya kanisa lake ifungwe kwa woga. Amina.